Bei ya Mlangoni Ndo Bei: Hesabu ya Kupiga Kabla Hujalipa

Mwezi wa nne zamu ya mchezo ilimfikia mama. Kama wewe si mtu wa pwani, mchezo ni kile kikundi cha kina mama cha kuchangiana. Hapa kwetu Bombolulu wako watu 12, kila mwezi kila mmoja anatoa shilingi 2,500, na mmoja wao anabeba zote. Hiyo ni shilingi 30,000, na mama aliingoja mwaka mzima. Mpango wake ulikuwa mmoja tu: friza. Anauza barafu za ukwaju na maji baridi kwa watoto wa shule na vijana wa bodaboda, na friji yetu ya zamani ilikuwa imeshachoka. Ikifika saa nane mchana, barafu zote zimerudi kuwa maji.

Akanikabidhi jambo lenyewe hivi: "Mamangu, wewe ndo umesomea haya mambo ya biashara. Nitafutie friza nzuri, isizidi hizi pesa, na iletwe mpaka hapa."

Nikaingia mtandaoni. Dakika tano hazijaisha nikaiona: friza ya lita 200, bei ya 41,999 imepigwa mstari, chini yake kwa rangi nyekundu 27,499. Pembeni kuna saa inahesabu kurudi nyuma. Chini kabisa, "zimebaki 3". Na juu ya yote, ukinunua leo unapata pointi 1,100 za zawadi. Kidole kilikuwa kishafika kwenye kitufe cha kulipa.

Nikakirudisha. Si kwa sababu mimi ni mwerevu sana, la. Ni kwa sababu Novemba iliyopita nilibonyeza kitufe kama hicho, nikajuta.

Hoja yangu leo ni moja, na nataka uondoke nayo hata kama hutasoma zaidi: bei ya kulinganisha si ile iliyoandikwa chini ya picha. Ni bei ya kitu kikiwa mlangoni kwako, kinafanya kazi. Pointi, vocha na kuponi huhesabiwa mwisho kabisa, na huhesabiwa kwa thamani ambayo wewe utaitumia kweli, si ile iliyoandikwa.

Blenda iliyonifunza

Novemba, msimu wa ofa. Niliona blenda ya shilingi 3,499, "kutoka 6,999". Nusu bei! Lakini usafiri wa bure ulikuwa unaanzia manunuzi ya 4,500. Basi nikaongeza seti ya vikombe ya shilingi 1,050, vikombe ambavyo hakuna mtu nyumbani aliyevihitaji. Jumla ikawa 4,549. Nikapewa pointi 300 na nikajiona mshindi.

Pointi zenyewe zilikuwa na masharti: zitumike ndani ya siku 30, na uwe unanunua kitu cha 3,000 kwenda juu. Siku 30 zikaisha nikiwa sina haja ya kitu chochote. Kisha siku moja nikapita duka moja upande wa Nyali, nikakuta blenda ile ile, chapa ile ile, modeli ile ile, imekaa kwenye rafu kwa 3,300. Hakuna mstari, hakuna saa, hakuna kelele.

Yani nilidhani nimeokoa 3,500, kumbe nilikuwa nimetumia 1,249 zaidi ya yule aliyeingia dukani akachukua blenda akaenda zake. Na siwezi kusema nilidanganywa. Masharti yote yalikuwa yameandikwa, mimi ndo sikusoma. Bei ya mahali pengine sikuuliza hata pamoja. Na hapo nina shahada ya biashara, upande wa masoko!

Kwa nini akili zetu hunaswa

Wacha nikuibie siri mbili za darasani, manake ukizijua, ofa nyingi zitakupungukia ule utamu.

Ya kwanza ni ile bei iliyopigwa mstari. Mwaka 1974 watafiti wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi wa masoko hulisoma. Waliwazungushia watu gurudumu la namba, kisha wakawauliza wakisie nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Gurudumu lilikuwa linasimama kwenye 10 au 65 tu. Waliopata 10 walikisia kama asilimia 25 hivi. Waliopata 65 walikisia kama asilimia 45. Namba ya gurudumu haikuhusiana kabisa na swali, lakini iliwavuta.

Ndo kazi ya ile 41,999. Huenda hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuinunua friza ile kwa bei hiyo. Lakini ukishaiona, 27,499 inaonekana kama zawadi. Sasa ifunike ile ya juu kwa kidole gumba. Jiulize: kama ningeiona 27,499 peke yake, ningesema ni rahisi? Ukijibu "sijui", basi hujalinganisha bado. Umelinganisha duka na duka hilo hilo.

Ya pili ni pointi za kukaribishwa. Mwaka 2006 Joseph Nunes na Xavier Drèze waliandika juu ya jaribio lao kwenye sehemu ya kuoshea magari. Waligawa kadi 300. Nusu ya wateja walipewa kadi ya mihuri minane: osha mara nane, upate mosho mmoja bure. Nusu nyingine walipewa kadi ya mihuri kumi, lakini miwili ilikuwa imeshagongwa. Ukihesabu vizuri, wote walibakisha mihuri minane. Lakini waliojaza kadi katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 19, na kundi la pili asilimia 34. Kule kuambiwa "umeshaanza" kuliwavuta.

Sasa unajua kwa nini ukijiunga na duka jipya unakuta una pointi 200 tayari, na ujumbe unakwambia umebakisha kidogo tu ufike daraja la juu. Si ubaya. Ni biashara. Lakini usikubali daraja la kwenye simu ndo likupangie bajeti ya nyumba.

Hesabu ya friza, duka kwa duka

Turudi kwa mama. Kwanza tuliamua modeli moja tunayoitaka, tukaandika namba yake ya modeli kwenye daftari. Hili ni muhimu, manake "friza ya lita 200" ni maneno tu. Ukilinganisha friza mbili tofauti, hujalinganisha bei, umelinganisha mchele na viazi. Kisha tukatafuta modeli hiyo hiyo sehemu tatu.

Duka la kwanza la mtandaoni, lile la saa inayohesabu: 27,499. Nikaweka anwani ya Bombolulu, usafiri ukatokea: 2,300. Jumla mlangoni 29,799. Pointi 1,100 zitumike ndani ya mwezi, kwa ununuzi wa 5,000 na zaidi.

Duka la pili la mtandaoni: 28,200. Kuponi ya mteja mpya inapunguza 500 pale pale, inabaki 27,700. Usafiri bure, lakini mpaka kituo chao cha kuchukulia mzigo, upande wa kisiwani. Friza huibebi kwenye matatu wala hupandi nayo bodaboda. Nikaulizia pikapu ya kutuvusha daraja la Nyali mpaka nyumbani: 900. Jumla mlangoni 28,600.

Duka la tatu halina tovuti. Liko mjini, upande wa Mwembe Tayari, na mwenyewe ni mzee wa makamo ambaye picha za bidhaa anazituma kwa WhatsApp. Bei yake ya kwanza ilikuwa 30,500. Nikaenda mwenyewe, nikamuonyesha simu.

"Ami, mbona huku mtandaoni ni 27,499?"

Akavaa miwani, akasoma, akacheka. "Binti yangu, hiyo bei imeshafika Bombolulu?"

Nikakosa la kusema. Tukaongea. Nikamwambia hesabu yangu ya kweli ni 28,600 mpaka mlangoni. Akakuna kichwa, akapiga simu kwa mtu wake wa gari, mwisho akasema 28,000, analeta mwenyewe, tunaichomeka kwenye stima mbele ya dereva, na tukiridhika ndo tunalipa kwa namba ya tili.

Angalia sasa. Ile ya 27,499, iliyoonekana rahisi kuliko zote, ndo ilikuwa ghali kuliko zote ikifika mlangoni. Hata ukizihesabu pointi 1,100 kama pesa taslimu, inashuka mpaka 28,699, bado imepitwa na zile mbili. Na sisi hatukuwa na kitu cha 5,000 cha kununua mwezi ule, kwa hivyo kwetu pointi zile thamani yake ilikuwa sufuri. Tofauti kati ya duka la kwanza na la tatu ni shilingi 1,799. Mama anauza barafu shilingi kumi. Hizo ni barafu 180 ambazo angezigandisha na kuziuza ili tu alipe makosa ya kidole changu.

Usinielewe vibaya, sisemi duka la mtaani hushinda kila siku. Mwezi uliofuata nilikuwa natafuta spika za masikioni, na mtandao uliwashinda wauzaji wote wa mjini mbali sana, hata nikiongeza usafiri. Kitu kidogo, chepesi, usafiri wake ni mdogo. Kitu kikubwa, kizito, usafiri ndo unaamua. Na sisi wa Mombasa tuna jambo letu la kuchekesha: bidhaa nyingi za kutoka nje huteremka hapa Kilindini, mbele ya macho yetu, zinapanda lori au treni ya mizigo ya SGR iliyoanza 2018, zinaenda kukaa kwenye maghala ya Nairobi karibu kilomita 480, halafu sisi tunalipia zirudi. Ndo maana bei ambayo mtu wa Nairobi anaisifu, kwako wewe wa Bombolulu, Kiembeni au Likoni huenda si bei kabisa. Weka anwani yako kwanza, ndo uamini.

Pointi si pesa

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya watu wa fani yangu hawapendi lisemwe. Pointi ni ahadi. Duka linakwambia, "Nina deni lako dogo, nitalilipa ukirudi." Deni lina thamani kama anayedaiwa yupo na kama masharti hayajabadilika.

Wengi tunaikumbuka Nakumatt. Ilikuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya na nchi jirani, na kadi yake ya Smart ilikuwa kwenye pochi za watu wengi, na hapa Nyali pia. Mwezi wa Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wanaoidai wakapiga kura ifungwe kabisa. Duka likifungwa, hakuna kaunta ya kupeleka pointi. Kadi inabaki plastiki. Na si maduka ya rafu pekee. Jumia, ambayo bado inauza Kenya, ilifunga biashara yake Tanzania Novemba 2019, na mwisho wa 2023 ikafunga huduma yake ya chakula, Kenya ikiwemo. Kampuni kubwa nazo hubadilisha njia.

Kwa hivyo nina kanuni tatu za zawadi, na nazipima kwa mpangilio huu.

Punguzo la pale pale, linaloonekana kwenye jumla kabla hujaweka namba ya siri, lihesabu lote. Ile kuponi ya 500 ya duka la pili ilikuwa pesa ya kweli.

Pesa inayorudi kwenye simu yako baada ya siku kadhaa, na unayoweza kuitumia popote, ihesabu, lakini soma lini inarudi na kuna kikomo gani.

Pointi za kutumika kwenye duka lile lile, ndani ya muda, kwa ununuzi wa kiasi fulani, zihesabu sufuri mpaka uwe na kitu ulichokuwa utanunua hata hivyo. Ukijikuta unatafuta kitu cha kununua ili pointi zisipotee, jua pointi zimeshaanza kukutumia wewe.

Na ndio, naandika haya kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo ambayo nayo hutoa zawadi kwa wateja wake. Zipime zetu hivyo hivyo. Zawadi ikufuate ukinunua ulichokihitaji, usiifuate wewe.

Bei ya kuishi nacho

Kabla ya kuchagua modeli, kulikuwa na friza nyingine ya bei nafuu zaidi. Mama aliipenda. Tukaiacha kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa mlangoni mwake. Kenya ina kanuni za 2016 zinazotaka vifaa kama friji viwe na lebo ya matumizi ya umeme, yenye nyota. Nyota nyingi, stima kidogo. Lebo pia hukwambia uniti ngapi kwa mwaka.

Fanya hesabu rahisi. Tuseme friza moja inakula uniti 350 kwa mwaka na nyingine 230. Tofauti ni uniti 120. Tuseme uniti moja ya stima inakugharimu shilingi 25. Hiyo ni shilingi 3,000 kila mwaka, kwa kifaa kinachowaka usiku na mchana. Friza uliyoipata rahisi kwa 2,000 imeshakula faida yake kabla ya mwaka kuisha, na tokeni bado unanunua.

Kisha uliza waranti. Si "ina waranti?" pekee, kila mtu atakwambia ipo. Uliza: ikiharibika nampelekea nani, na yuko wapi? Hapa kwetu hewa ya bahari ina chumvi, vyuma vinaliwa, compresa zinahangaika na joto. Waranti ya miezi 12 inayokutaka urudishe friza Nairobi kwa gharama yako ni waranti ya kwenye karatasi. Na angalia alama ya ubora ya KEBS. Namba iliyo pamoja nayo unaweza kuihakikisha kwa kutuma ujumbe mfupi kwa 20023.

Sheria nayo iko upande wako

Watu wengi hudhani kulalamikia bei ni ugomvi. Hapana. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inahesabu kuwa ni udanganyifu kumwambia mteja kuna nafuu ya bei wakati haipo. Ile bei ya juu iliyopigwa mstari, kama haikuwahi kuwa bei, si mapambo tu.

Na mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani ilizitaka kampuni za huduma za pesa kwa simu zimuonyeshe mteja ada kabla hajakubali kulipa. Leo tumezoea, unaona gharama kwanza. Tudai hivyo hivyo kwa muuzaji yeyote: nionyeshe jumla yote, na usafiri, kabla sijaweka namba ya siri. Muuzaji anayesema "lipa kwanza, usafiri tutaongea", huyo mpite.

Tunavyofanya nyumbani sasa

Si jambo kubwa. Daftari la mama la mchezo lina kurasa za nyuma zisizotumika, ndo tunazotumia.

1. Andika kitu na namba yake ya modeli. Andika na sababu ya kukitaka. Sababu ikiwa ni "kuna ofa", kifute.
2. Tafuta bei tatu, angalau moja ya dukani. Weka anwani yako halisi ili usafiri uonekane.
3. Piga picha ya skrini na uandike tarehe. Ukitaka kitu cha msimu wa ofa wa Novemba, anza kuandika bei Oktoba. Hapo utajua bei imeshuka kweli au ilipandishwa kwanza ndo ikashushwa.
4. Jumlisha: bei, usafiri, gari la kumalizia njia, ada ya kulipa. Kumbuka kutoa pesa kwa wakala kuna ada, wakati kulipa kwa namba ya tili kwa kawaida mteja hakatwi. Kama unalipa kwa mkopo wa simu, ongeza ada yake yote mpaka siku utakayomaliza kulipa. Punguzo nyingi hufa hapo.
5. Toa punguzo la pale pale. Pointi ziache pembeni.
6. Lala nayo usiku mmoja. Saa ile inayohesabu kurudi nyuma, mara nyingi kesho utaikuta inahesabu tena.
7. Ukilipa, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, na likiwa jina la mtu badala ya duka, simama kwanza.

Kuna rafiki yangu aliniambia, "Wewe utazeeka ukilinganisha bei za sabuni." Ana haki. Muda nao ni gharama, na bando pia. Kwa kitu cha shilingi 200 sizunguki, nanunua dukani kwa jirani nikaendelea na maisha yangu. Sisi nyumbani tumejiwekea mpaka: chini ya elfu moja, nunua. Kati ya elfu moja na elfu tano, bei mbili. Zaidi ya hapo, bei tatu na usiku mmoja. Wewe weka mpaka wako kulingana na mfuko wako, lakini uwe nao. Bila mpaka, utatumia saa nzima kuokoa shilingi 30 kwenye kava ya simu, halafu utanunua televisheni kwa dakika mbili.

Na kusema kweli haya si mambo mageni. Mama zetu hawajawahi kununua leso Biashara Street kwenye duka la kwanza waliloingia. Hushika kitambaa, huuliza bei, hutoka, huenda la pili, la tatu, na kurudi kule walikoanza wakiwa wanajua wanachosema. Sokoni Kongowea hakuna mtu anayechukua kreti ya nyanya kwa mwenye sauti kubwa zaidi. Ni sisi vijana, tukishika simu, ndo tunasahau tulivyolelewa. Simu imetupa nafasi ya kutembea maduka kumi tukiwa tumekaa kibarazani, na sisi tunaingia moja tu tunalipa.

Friza ilifika siku ya Jumamosi, jua la saa sita. Dereva akaichomeka, mama akaweka mkono ndani, akangoja mpaka akasikia baridi, ndo akaniita nilipe. Zile 2,000 zilizobaki alinunua ukwaju, sukari na mifuko ya barafu. Ukutani juu ya friza amebandika karatasi yenye bei zile tatu kwa mwandiko wake, na ile ya 27,499 ameiandikia pembeni: "haijafika Bombolulu".

Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi leo, kabla hujalala, chagua kitu kimoja unachopanga kununua mwezi huu. Andika bei zake tatu, zote zikiwa zimefika mlangoni kwako. Kisha ndo uangalie pointi.